Jaji aone faili kabla ndege haijapaa

Wasee, tuongee kuhusu neno moja: ahadi.

Oktoba 2024, Waturuki wanne waliokuwa wakiishi Nairobi kama wakimbizi walinyakuliwa, wakapandishwa ndege na kurudishwa Uturuki, nchi ile ile waliyoitoroka. Wizara ya Mashauri ya Kigeni ilikubali kwamba wamerudishwa, ikaongeza kuwa Uturuki imeahidi kuwatendea kwa heshima. Stori ikaishia hapo.

Swali langu: ni nani alipima hiyo ahadi? Si jaji.

Na njia ya kortini ipo. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021, ombi lako la hifadhi likikataliwa, unakata rufaa kwa kamati, na usiporidhika unaenda Mahakama Kuu. Tena Kenya ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso mwaka wa 1997. Mkataba huo unakataza kumrudisha mtu yeyote mahali ambapo kuna sababu za kutosha kuamini atateswa. Yeyote, hata kama serikali haimpendi.

Sasa cheki Uingereza. Serikali yao ilitaka kupeleka waomba hifadhi Rwanda, na Rwanda ikatoa ahadi kwamba watakuwa salama. Mahakama ya kwanza ilikubaliana na serikali. Waomba hifadhi wakakata rufaa. Tarehe 15 Novemba 2023, majaji 5 wa Mahakama ya Juu wakasema kwa kauli moja kwamba mpango huo ni haramu. Waliangalia jinsi Rwanda ilivyokuwa ikishughulikia maombi ya hifadhi, wakaona kuna hatari ya kweli ya watu kurudishwa walikotoka. Karatasi ilisema salama, ushahidi ukasema vingine. Bila rufaa, tungebaki na ile karatasi.

Najua kuna mtu atasema wengine wanakata rufaa ili kuvuta siku tu. Sawa, wapo. Lakini dawa ya hiyo ni kusikiza kesi haraka, si kuiruka. Na kushinda rufaa hakumaanishi umepewa nchi. Mara nyingi korti inarudisha faili na kusema: hapa mlikosea, amueni tena vizuri.

Fikiria hivi. Ukinyimwa HELB unakata rufaa, na hata ukikataliwa tena bado uko kwenu, unajipanga upya. Mtu aliyekabidhiwa kwa watesaji wake hana wiki ijayo ya kusubiri jibu. Korti ikigundua kosa wakati yuko seli ya nchi nyingine, jaji wa Nairobi hawezi kumtoa huko.

Ndio maana msimamo wangu ni huu: hakuna mkimbizi kupandishwa ndege kabla jaji hajaona faili yake. Na siku nyingine mkiskia serikali ikisema "tumehakikishiwa", ulizeni ni korti gani ilionyeshwa huo uhakika.

Nyinyi mnaonaje?