Sinema Haifufui Karatasi Iliyofungia Njugu

Mwezi wa Aprili mwaka 2024, nakala moja ya Action Comics namba 1, kijitabu cha mwaka 1938 ambamo Superman alijitokeza kwa mara ya kwanza, ilinadiwa nchini Marekani kwa dola milioni 6. Kilipotoka mtamboni, kijitabu hicho kiliuzwa kwa senti 10. Wanafunzi wa mtaa wetu wa Jericho wanaposikia habari kama hizi huuliza ni kitu gani kilichoipandisha karatasi duni hadi ikafikia bei ya majumba, na kabla hujawajibu hujijibu wenyewe: ni sinema. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyosalia ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa Eastlands.

Nguvu ya sinema haina ubishi. Black Panther alizaliwa mwaka 1966 katika Fantastic Four namba 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, kijitabu cha senti 12. Mwaka 2014 ilipotangazwa kwamba atatengenezewa filamu yake mwenyewe, wakusanyaji walianza kukisaka. Filamu ilipotoka Februari 2018, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa waigizaji wakuu na mji wa Kisumu ukiandaa onyesho la uzinduzi hapa nchini, nakala safi za kijitabu kile zilikwisha kufika bei ya maelfu ya dola. Vivyo hivyo, Septemba 2021, miezi mitatu kabla ya filamu mpya ya Spider-Man, nakala ya Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962 iliuzwa kwa dola milioni 3.6.

Lakini tuutazame upande wa pili. Mwaka 1992 wachapishaji walitoa Superman namba 75, toleo ambamo shujaa huyo anauawa. Lilichapishwa kwa mamilioni. Watu walilinunua wakalifungia ndani ya plastiki bila hata kulisoma, wakiota utajiri wa uzeeni. Tangu wakati huo Superman amerudi katika sinema kubwa mwaka 2006, 2013 na 2025, na bado toleo hilo hupatikana kwa bei ndogo. Sababu ni kwamba kila mtu alilihifadhi. Toleo la mwaka 1938, kwa upande wake, ni ghali kwa kuwa lilikwisha: watoto walilirarua, mama wa nyumba walilitupa, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi kuukuu zilikusanywa kwa mahitaji ya vita. Kwa hiyo sinema huleta wanunuzi tu. Bei huletwa na uadimu na uangalifu wa yule aliyehifadhi. Tena kinachopandishwa na kelele hushushwa na ukimya, maana baada ya mwaka 2021 bei za vijitabu vingi ziliporomoka. Simshauri mwanafunzi yeyote kuitia karo yake katika bahati nasibu hiyo.

Sasa tujiangalie wenyewe. Je, hatuna mashujaa wa kuchorwa? Tulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Tulikuwa na jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, ambalo kwa miaka sita hivi liliichora Nairobi ya mtu wa kawaida, mwenye mshahara mdogo na shida nyingi. Tulikuwa na Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na sigara, aliyesimuliwa kwa picha za kamera katika African Film na kusomwa sana Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980 Hirst huyo huyo alitupa mfululizo wa Pichadithi, uliozichora ngano na visakale vya Kiafrika. Na wapo wanaongoja tu mwenye kamera: Fumo Liyongo, ambaye hakuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na Lwanda Magere, ambaye nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake.

Tuseme kesho mmoja wao anatengenezewa filamu itakayotikisa dunia. Wanunuzi watakuja na fedha zao, nasi tutawaonyesha nini? Hapa kwetu magazeti na majarida makuukuu huuzwa kwa kilo. Hufungia nyama, hufungia njugu, huwashia jiko. Mtu anaweza kudai kwamba uharibifu huo ndio utakaozifanya nakala kuwa adimu. Sivyo. Uadimu una thamani pale kinaposalia kimoja. Kikiisha chote, hakuna bei, kuna majuto tu.

Siwalaumu wanaouza. Nyumba yenye njaa haiwezi kulisha watoto kwa kumbukumbu. Ila mwenye kununua kwa kilo ili afungie nyama hamzidi mwalimu uwezo. Klabu ya Kiswahili ya shule ikichanga shilingi chache, inaweza kutoa bei ile ile, ikaikagua mizigo, ikatenga yanayofaa na kuyarudisha mengine sokoni.

Jambo hili halingoji. Nyumba za Jericho zilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mtaa huu umetajwa mara kwa mara katika mipango ya kaunti ya kubomoa nyumba kongwe na kujenga ghorofa. Familia inapohama hubeba kitanda, sufuria na televisheni. Sanduku la karatasi lililo mvunguni ndilo la kwanza kutupwa. Huenda masanduku hayo ndiyo pekee yenye nakala ambazo hazipo mahali pengine popote.

Tunao mfano wa kuiga. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya vitabu, nyaraka na kazi za sanaa wakati wengi hawakuona faida yake, na leo mkusanyiko wake ni fahari ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Nasi tunayo Maktaba ya Eastlands hapo Makadara. Naitoa rai kwa walimu wenzangu: tuombe rafu moja humo. Kila mwanafunzi amwulize babu na nyanya yake kuna nini sandukuni. Kila nakala iandikwe jina, namba na mwaka, iwekwe pakavu, isipigwe jua wala isitobolewe kwa pini.

Wahenga walisema akiba haiozi. Karatasi huoza, hasa penye paa linalovuja, na sinema yoyote itakayokuja haitakuwa na uwezo wa kuifufua. Kazi ya kuihifadhi ni yetu, na wakati wake ni kabla ya tingatinga kufika.