Je, Nyota Njema Huonekana Asubuhi?

Wahenga walisema kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Sisi walimu twaupenda mno usemi huu, maana hutupa ruhusa ya kumhukumu mtoto katika juma la kwanza la muhula, kisha tukapumzika. Katika makala haya twakusudia kuuhoji, na kwa ajili hiyo tutamwita shahidi kutoka mbali: msaka vipaji wa mchezo wa besiboli nchini Marekani. Huenda mwanachuo akashangaa, kwani mchezo huo ni mgeni katika shule zetu nyingi. Lakini mtu huyu hulipwa mshahara kwa kazi ambayo mwalimu huifanya kila siku bila kuipa jina, nayo ni kumtazama kijana wa leo na kukisia atakuwa nani kesho.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Tangu mwaka 1965, vilabu vya ligi kuu ya Marekani huteua vijana kwa zamu kila mwaka, wakiwamo wanafunzi wanaomaliza masomo ya sekondari wakiwa na umri wa miaka 17 au 18. Kabla ya uteuzi huo, msaka vipaji huzunguka viwanja vya shule akiwa na saa ya kupimia mbio na daftari. Kwa mchezaji asiyekuwa mrushaji hupima mambo matano: uhakika wa kuupiga mpira kwa rungu, nguvu ya pigo, mbio, nguvu ya mkono wa kutupia, na ustadi wa kudaka. Kila jambo hupewa alama kati ya 20 na 80. Alama 50 ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu, wala si wastani wa mwanafunzi.

Katika kazi hiyo twaona mambo matatu yanayomfaa mwalimu.

La kwanza ni kwamba msaka vipaji haandiki alama moja, bali mbili. Moja ni ya hali ya kijana leo, na ya pili ni ya hali anayoweza kuifikia. Kijana aweza kupata 25 leo na 55 kesho, na hakuna anayeona ajabu. Sasa tuyatazame madaftari yetu. Juma: 4 kati ya 10. Basi. Hatusemi kama Juma anasimama hapo kwa kuwa hajui kujumlisha, au kwa kuwa anajua kujumlisha lakini bado hajaelewa kubeba makumi. Wa kwanza na wa pili wamepata alama moja, lakini hawamo katika safari moja.

La pili ni kwamba msaka vipaji mwangalifu hadanganywi na matokeo peke yake. Katika mechi za shule, kijana aweza kupiga vizuri kwa sababu tu warushaji wanaomkabili ni dhaifu. Kwa hiyo mtazamaji huangalia namna anavyosimama, anavyolizungusha rungu, na anavyoujua mpira wa kuachwa upite. Nasi kadhalika yatupasa kuitazama njia ya mtoto, si jibu lake tu. Mtoto aliyepata jibu sahihi kwa kuchungulia kwa jirani hana analojua, na aliyekosea katika hatua ya mwisho anajua karibu yote.

La tatu ni kurudi. Katika besiboli, mpigaji anayefaulu mara 3 kwa kila majaribio 10 huhesabiwa kuwa bora. Katika mechi moja hupata nafasi nne au tano tu. Maadamu mambo ni hivyo, anayemtazama siku moja aweza kumkuta bingwa akikosa zote. Ndiyo sababu mtazamaji hurudi tena na tena, wala haondoki kijana anapokosa, kwa kuwa hapo ndipo huonekana atafanya nini baada ya kukosa.

Pamoja na bidii yote hiyo, watu hawa hukosea, na makosa yao ndiyo funzo kubwa zaidi. Mwaka 1966 klabu ya New York Mets ilikuwa na zamu ya kwanza, ikamteua mwanafunzi wa sekondari aitwaye Steve Chilcott. Aliumia bega, wala hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Aliyeteuliwa baada yake, Reggie Jackson, akawa miongoni mwa wapigaji mashuhuri wa Marekani. Kinyume chake, mwaka 1988 Mike Piazza aliteuliwa katika mzunguko wa 62, akiwa mtu wa 1,390, tena kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa kocha wa klabu hiyo. Mwaka 2016 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Nyota hiyo haikuonekana asubuhi.

Liko pia kosa lisilo la mtu mmoja. Kwa miaka mingi, mashindano mengi ya watoto nchini humo yalihesabu umri kwa tarehe 31 Julai. Aliyezaliwa Agosti alikuwa mkubwa kuliko aliyezaliwa Julai katika kundi lake kwa karibu mwaka mzima. Alikuwa na nguvu zaidi, akaitwa mwenye kipaji, akapewa nafasi zaidi na mafunzo zaidi. Matokeo yake, kati ya wachezaji wa ligi kuu waliozaliwa Marekani, wa Agosti wamekuwa wengi kuliko wa Julai. Je, katika darasa la kwanza, ni mara ngapi twamwita mtoto mzito wa akili, kumbe ni mdogo tu?

Nasi wakufunzi hatuna budi kukiri. Mwaka mmoja tulikwenda kumkagua mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Tulifika mara moja, asubuhi ya mvua, na nusu ya watoto hawakuwapo. Sauti yake ilitetemeka, somo halikufika mwisho. Tukaandika alama ya chini tukaondoka. Mwenzetu aliyekwenda baadaye mara tatu aliandika jambo ambalo hatukuliona: kwamba kila mtoto aliyekosea jibu alirudiwa na mwalimu huyo kabla ya kipindi kwisha. Katika alama yetu hamkuwa na uongo. Mlikuwa na haraka.

Hata hivyo tusimwige msaka vipaji katika kila jambo. Yeye hutafuta mmoja na kuwaacha mamia, na anapokosea, klabu hupoteza fedha. Mwalimu hakutumwa kuchagua. Amepewa darasa zima, na anapokosea, mtoto hupoteza elimu yake. Zaidi ya hayo, msaka vipaji hukisia tu, na kisio lake halimbadilishi kijana uwanjani siku ile. Kisio la mwalimu humbadilisha mtoto. Aliyeitwa mjinga huulizwa maswali machache, hukalishwa nyuma, na mwisho wa mwaka huthibitisha tuliyoyasema.

Kwa hiyo twawashauri wanachuo watakaokwenda mazoezini wachukue daftari dogo na kuligawa kila ukurasa safu mbili: anachoweza mtoto leo, na hatua inayofuata. Waandike angalau watoto watano kila siku, hata darasa zima liishe, kisha waanze upya. Wakiwa na watoto themanini, mzunguko utachukua siku kumi na sita za masomo. Waandike kwa penseli, wala si kwa wino. Mtoto ana haki ya kufutiwa hukumu ya jana.

Nyota njema huonekana asubuhi, ni kweli. Lakini ziko pia zinazochomoza usiku wa manane, na mwalimu aliyekwisha kufunga dirisha lake hataziona.