Mbegu ya Ngano Isichaguliwe kwa Macho

Wazee walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Nakubali. Lakini kwa maoni yangu asiyechagua mbegu naye si mkulima, hasa apandaye ngano katika sehemu zenye mvua chache, kama kwetu upande wa chini wa Narok.

Mwaka juzi baba yangu aliiona ngano ya jirani imesimama kijani kibichi, hali mvua imeadimika. Akaipenda, akanunua mbegu ya aina ile ile, akapanda shamba zima. Ikamea, ikarefuka, na wapita njia wakaisifu. Kisha mvua ikakatika wakati wa kuchanua. Tulipovuna, masuke yalikuwa na punje chache, tena nyembamba. Majani tulikuwa nayo. Karo hatukuwa nayo.

Basi, kuvumilia ukame ni jambo moja, na kuzaa ni jambo jingine. Mavuno ya ngano hutokana na mambo matatu: wingi wa masuke, wingi wa punje katika kila suke, na uzito wa punje. Ukame wa mapema hupunguza masuke; ukame wa wakati wa kuchanua hupunguza punje; ukame wa mwisho huzifanya nyepesi. Ndiyo sababu aina zinazowahi kukomaa mara nyingi huokoka. Kituo cha utafiti cha Njoro, kilichoanzishwa mwaka 1927, kimetoa aina zifaazo nchi kavu, kama vile Duma na Ngamia.

Hata hivyo jina zuri halitoshi. Tuseme aina ya kwanza yatoa magunia 18 kwa ekari mwaka wa mvua, na 4 mwaka wa ukame. Ya pili yatoa 12 na 8. Miaka ikipokezana, ya kwanza yashinda, 22 kwa 20. Lakini ukame ukija miaka miwili katika mitatu, ya pili yashinda, 28 kwa 26. Kwa hiyo hakuna aina iliyo bora kila mahali. Ni lazima kila mmoja aijue mvua ya kwao.

Nashauri shule yetu itenge sehemu ndogo ya shamba kwa kazi hii. Tupande aina nne, kila moja katika vipande vitatu, na mahali pa kila kipande pachaguliwe kwa kura, ili aina moja isipate udongo mzuri peke yake. Tuandike mvua ya kila siku na tarehe ya kuchanua. Tukivuna, tukaushe punje vizuri ndipo tuzipime kwa mizani. Tena tufanye hivyo misimu mitatu au zaidi, kwa maana msimu mmoja waweza kudanganya.

Najua wengine watasema kwamba kazi ya mwanafunzi ni mtihani, si jembe. Nawajibu kwamba hesabu na sayansi tusomazo darasani ndizo hizo hizo zitakiwazo shambani. Tena wazazi wetu wanaponunua mbegu kwa sifa tu, sisi ndio tunaorudishwa nyumbani.

Jicho husifu majani. Mizani ndiyo ijuayo ngano.