Tycho: mtu mmoja alipopata mpiga dramu

Kwa takriban miaka kumi Tycho haikuwa bendi. Lilikuwa jina la kisanii la Scott Hansen, mbunifu wa michoro wa San Francisco ambaye mabango yake yalijulikana kwa jina jingine, ISO50. Kando ya kazi hiyo alitengeneza muziki wa ambienti: sauti za sinteza zinazotanda polepole, gitaa lenye mwangwi mrefu, nyimbo zisizo na mwimbaji wala haraka. Santuri yake fupi ya kwanza ilitoka 2002. Albamu iliyomtangaza hasa, Dive, ilitoka 2011 kwa lebo ya Ghostly International, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya mwenyewe.

Ndipo yakaja maonyesho, na hapo ndipo wengi wa aina yake hukwama. Studioni mtu mmoja anaweza kurundika sauti juu ya sauti hadi achoke. Jukwaani ana mikono miwili tu. Njia nyepesi ni kubonyeza kitufe, kompyuta ikapiga wimbo uliokwisha kukamilika, naye akachezeachezea mitambo ili aonekane ana shughuli. Mashabiki wa Bongo Fleva hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Wanaiita pleibeki, na manung'uniko yao juu yake ni ya miaka mingi.

Hansen alijitafutia wenzake. Zac Brown akashika besi na gitaa, Rory O'Connor akakaa kwenye dramu, na nyuma yao zikamulikwa picha za rangi za machweo alizozibuni Hansen mwenyewe.

Mpiga dramu ndiye anayebadili mambo. Kompyuta haichoki wala haipandwi na mzuka. Pigo la dakika ya kwanza na la dakika ya tano ni lile lile. Mwanadamu anapoketi hapo, kwanza hulazimika kuvaa hedifoni zenye mlio wa kuhesabu mapigo, maana sauti zilizobaki kwenye kompyuta haziwezi kumsubiri. Akitangulia kidogo tu, mwangwi wa gitaa uliopangwa uangukie katikati ya pigo na pigo unageuka vurugu. Lakini ndani ya kifungo hicho ana uhuru ambao mashine haina. Anaweza kupiga kwa kunyata wimbo unapoanza, kisha, akiona ukumbi umechemka, akaumimina moyo wake wote kwenye matoazi. Wimbo wa Dive uliotengenezwa kwa ajili ya msikilizaji aliyejilaza unapata ghafla watu wanaorukaruka.

Hata hivyo, sifa ambazo bendi ya jukwaani hupewa kila mara zinazidi kipimo. Bendi iliyokodiwa ili kuiga santuri noti kwa noti ni pleibeki ya gharama kubwa: tiketi za ndege, vyumba vya hoteli, malipo ya watu watatu, na mwisho wa yote msikilizaji anapata kile kile alichokuwa nacho nyumbani.

Kinachoipa safari ya Tycho uzito ni kilichotokea baada ya ziara. Hansen aliporudi studioni hakuwaaga wenzake. Awake, albamu ya nyimbo nane iliyotoka 2014, ilitengenezwa kama kazi ya watu watatu, na masikio yanakiri hivyo. Dramu zimesogea mbele, gitaa limeacha kujificha kwenye ukungu, nyimbo zina mifupa. Wapo waliouombolezea ule ukungu wa Dive, na wana hoja, kwa sababu kitu fulani cha ndoto kilipotea. Ila Epoch ya 2016 iliendelea kwenye njia hiyo hiyo na ikateuliwa kuwania Grammy katika kundi la albamu za dansi na elektroniki.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi wa Tanzania, yote haya ni safari iliyoanzia mwisho. Mlimani Park au Msondo walikuwa bendi kwanza. Wimbo ulipikwa mazoezini na kuonjwa na wachezaji ukumbini, kisha ndipo ukapelekwa kurekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Hadi hapo kila mpiga gitaa alikuwa amekwisha kutia neno lake.

Wala haina maana kwamba kila muziki wa mtu mmoja unasubiri dramu. Mwaka 1978 mwanamuziki Brian Eno alitengeneza albamu ya Music for Airports kwa vipande vya kanda vya urefu tofauti vilivyozunguka bila kukoma, kila kimoja kwa mwendo wake, hivi kwamba sauti zilikutana kila mara kwa namna mpya. Miaka 20 baadaye kundi la Bang on a Can la New York liliurekodi muziki huo kwa ala za watu: piano, selo, klarineti na nyinginezo. Hawakuuchangamsha. Waliuacha utulie, wakauongezea pumzi ya binadamu, na hiyo ikatosha.

Mfano wa nyumbani ni KMRU, yaani Joseph Kamaru wa Nairobi, ambaye albamu yake Peel ya 2020 ilimpa jina Ulaya. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule gwiji wa nyimbo za Kikuyu. Muziki wa babu uliyataka magitaa na waitikiaji. Wa mjukuu umejengwa kwa sauti anazozirekodi mitaani na kwenye mazingira. Kumwekea besi na dramu kungekuwa kumharibia kazi.

Hata ndani ya Tycho ushirika una mpaka. Mwaka 2019 Hansen alimleta mwimbaji, Hannah Cottrell anayejulikana kama Saint Sinner, kwenye albamu ya Weather, nayo ikateuliwa kuwania Grammy. Mwaka uliofuata ikatoka Simulcast, albamu pacha ya ala tupu iliyojengwa juu ya nyenzo zile zile, bila sauti yake. Si kosa, mradi ni wa Hansen tangu mwanzo. Lakini sauti inayoweza kuondolewa na albamu ikasimama ni ya mgeni mwalikwa. Kwa kipimo hicho, bendi hasa ya Tycho ni ile ya watu watatu iliyozaa Awake na Epoch.