Mizani Haipimi Moyo wa Kijana



Kwetu hapa Mulungwishi, mutu akirudi safari tunamupokea kwa neno hili: "Umenenepa!" Ni kumusifu. Mwenye kukonda tunamuuliza kama ni mugonjwa. Ni mazoea tu, lakini vijana wanashika maneno hayo.

Mimi mwenyewe nilikosa. Binti wangu wa miaka 15 nilizoea kumuita Fimbo, kwa kuchekesha wageni. Siku moja mama yake akakuta vidonge chini ya godoro. Binti alikuwa anavinunua kimoja kimoja sokoni ili anenepe.

Si yeye peke yake. Watafiti walitoa uchunguzi juu ya wanawake wa Kinshasa wanaokunywa deksametasoni na siproheptadini kwa kutafuta mwili munene. Ya kwanza, ikinywewa ovyo, inaweza kupandisha sukari na tansio, tena inalegeza mifupa. Hata kuiacha gafula ni hatari. Anayeinywa amuone munganga kwanza. Ya pili ni dawa ya alerji. Inaleta njaa na usingizi.

Kilo na urefu vinaonyesha kama mutoto amekonda ao amenenepa kupita kiasi. Lakini je, anaridhika na mwili wake? Kwa kupima neno hilo, wenye elimu walitoa mwaka 1983 picha 9 za watu, toka mwembamba sana mpaka munene sana. Mutu anaonyesha picha inayofanana naye, kisha ile anayotamani. Nafasi kati ya hizo mbili njo kipimo cha kutoridhika kwake. Munene anaweza kuwa nayo, mwembamba vilevile, hata yule mwenye kilo za kutosha.

Wazazi, picha hizo hatuna nyumbani, lakini kinywa tuko nacho. Uliza mutoto: "Unajiona namna gani? Ungependa kuwa namna gani?" Kisha nyamaza, umusikilize. Hata nabii Samweli alitazama kimo cha Eliabu, na Bwana akamuonya (1 Samweli 16:7).

Nyumbani kwangu jina la Fimbo limekufa. Niliomba musamaha mbele ya watoto wote. Binti akanijibu: "Asante, Papa. Basi na yaya usimuite tena Pipa."

Nikamuangalia kijana wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Miaka yote ile nilifikiri anacheka pamoja nasi.