UCHANGANUZI: Mnunuzi wa gemu aambiwe waziwazi iwapo ananunua au anakodi

UKIPITA mitaani mjini Nyeri wakati wa likizo ya shule, utasikia kelele za vijana kabla hujauona mlango wa kibanda chenyewe. Ndani, runinga mbili tatu zimepangwa ukutani, kila moja imeunganishwa na mashine ya PlayStation, na vijana wanangoja zamu ya kucheza soka ya kompyuta kwa shilingi chache.

Taswira hiyo si ya Nyeri pekee. Utaikuta Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Vijana wengi wa Mlima Kenya hawakuifahamu gemu kwa kuinunua, bali kwa kuilipia kwa dakika au kwa mechi.

Nyuma ya kelele hizo kuna swali zito la kisheria ambalo halijapewa uzito unaostahili. Mtu anapotoa pesa zake akapewa gemu, amenunua nini hasa? Je, amepata mali, au amepata ruhusa ya kuitumia mali ya mwingine hadi mwenyewe atakapobadilisha nia?

Asidhani mtu kuwa hili ni suala la watoto. Jibu lake ndilo litakaloamua hatima ya vitabu vya kielektroniki, nyimbo, filamu na programu za ofisini ambazo Wakenya wanazilipia kila siku kwa simu zao.

Wakazi wa Nyeri hawahitaji kufundishwa tofauti ya kununua na kukodi. Tangu mashamba ya eneo hilo yalipopimwa na kusajiliwa katika miaka ya 1950, kila mzee anajua kwamba aliyekodi shamba hulima msimu wake akaondoka, na aliyenunua hupewa hati miliki. Bei za mambo hayo mawili hazijawahi kuwa sawa, na hakuna anayekubali kulipa bei ya kununua kisha akapewa haki za mkodi.

Katika biashara ya gemu, hilo ndilo linalotendeka.

Enzi za diski mambo yalikuwa na nafuu. Mashine ya PlayStation 2 iliyozinduliwa mwaka wa 2000, na ambayo iliendelea kutengenezwa hadi 2013, ilitumia diski iliyoshikika mkononi. Mwenye diski aliweza kumwazima jirani, kubadilishana na rafiki au kuiuza ikiwa mtumba, kama vile nguo zinavyouzwa katika soko la Karatina. Kampuni iliyoitengeneza haikuwa na habari, wala haikuwa na njia ya kumzuia.

Hata hivyo, diski hizo zilikuwa na kufuli. Mashine ilikagua alama maalumu ambazo mitambo ya kawaida ya kunakili haikuweza kuziandika. Diski isiyo na alama hizo ilikataliwa, hata kama yaliyomo ndani yake yalikuwa sahihi neno kwa neno.

Mafundi hawakukaa kimya. Kote duniani, Kenya ikiwemo, waliifungua mashine na kuichomelea chipu ndogo iliyoidanganya kwamba kila diski ni halisi. Hapo ndipo diski za kunakiliwa zilipofurika.

Tuwe wakweli. Sehemu kubwa ya biashara hiyo ilikuwa uharamia mtupu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mbunifu, na Bodi ya Hakimiliki Kenya (KECOBO) ina mamlaka ya kuwaandama wanaouza nakala haramu. Aidha, mwenye kibanda anayewatoza wateja kwa gemu iliyouzwa kwa matumizi ya nyumbani anakiuka masharti ya leseni, hata kama diski yake ni halali.

Wasanii wa Mlima Kenya wanayafahamu machungu hayo tangu enzi za kanda za muziki. Wabunifu wa gemu nchini nao wamo katika hatari iyo hiyo. Andrew Kaggia alipotoa gemu ya Nairobi X mwaka wa 2015, alithibitisha kwamba Mkenya naye anaweza kuunda gemu. Anayetoa jasho kama hilo anastahili malipo yake.

Lakini chipu ile ile ilifanya pia mambo ambayo si wizi. Gemu za PlayStation 2 zilifungiwa maeneo. Shangazi akinunua diski dukani Marekani na kumtumia mpwa wake Nyeri, mashine iliyotengenezewa soko la huku ingeikataa. Hakuna aliyeibiwa hapo. Kampuni ililipwa bei kamili, na mnunuzi akabaki na diski isiyochezeka.

Ndiyo sababu Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Stevens dhidi ya Sony iliyoamuliwa Oktoba 2005, ilimwondolea lawama fundi aliyekuwa akiuza na kufunga chipu hizo. Majaji walisema kwamba kufuli ya PlayStation haikuzuia kunakili, bali ilizuia tu kuichezesha nakala iliyokwisha kutengenezwa, na kwa hivyo haikuwa kinga ya hakimiliki kwa maana ya sheria ya wakati huo. Bunge la Australia liliibadilisha sheria hiyo mwaka uliofuata. Hata hivyo, hoja ya majaji imebaki: kufuli ya kuzuia wizi ni jambo moja, na kufuli ya kumtawala mnunuzi ni jambo jingine.

Sheria yetu ina mkanganyiko unaofanana na huo. Kwa upande mmoja, inamruhusu mtu aliye na programu ya kompyuta kihalali kutengeneza nakala ya akiba, ili ya kwanza ikiharibika asipate hasara. Kwa upande mwingine, inaharamisha kuvunja kinga za kiufundi zinazolinda kazi hiyo. Mnunuzi ameruhusiwa kuingia chumbani, ila akigusa kitasa cha mlango anashtakiwa.

Ikumbukwe pia kwamba kufuli hizi mara nyingi humuumiza mwaminifu na kumwacha mwizi akitamba. Mwaka wa 2005 ilibainika kwamba baadhi ya diski za muziki za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikipenyeza kwa siri programu ya kujificha ndani ya kompyuta za wanunuzi, na kuzifanya ziwe rahisi kushambuliwa na virusi. Diski hizo ziliondolewa madukani baada ya malalamiko na kesi nyingi.

Mnamo Septemba 2008, kampuni ya Electronic Arts ilitoa gemu ya Spore ikiwa na kufuli iliyomruhusu mnunuzi kuisajili katika kompyuta tatu pekee. Aliyebadilisha kompyuta zaidi ya hapo alilazimika kuipigia simu kampuni kuomba ruhusa ya kutumia kitu alichokilipia. Walioipata kwa njia haramu hawakuwa na usumbufu huo, kwani nakala yao ilikuwa imekwisha kuvuliwa kufuli. Baada ya wateja kulalamika, kampuni ilikiongeza kikomo hicho hadi kompyuta tano.

Hayo yalikuwa ya enzi ambapo kufuli ilikuwa ndani ya diski. Leo imehamia katika seva za kampuni zilizo ng'ambo, na hapa ndipo pa kuhofisha zaidi.

PlayStation 5 ilipozinduliwa Novemba 2020, toleo lake moja halikuwa na mahali pa kuingizia diski kabisa. Nintendo ilipotoa mashine yake ya Switch 2 mnamo Juni 2025, baadhi ya gemu ziliuzwa katika kadi zisizo na gemu ndani. Kilichomo ni ufunguo tu, na gemu yenyewe sharti ipakuliwe kwa intaneti.

Kwa kijana wa Nanyuki au Kerugoya anayehesabu bando la intaneti kama anavyohesabu nauli ya matatu, mabadiliko hayo si madogo. Gemu moja ya kisasa yaweza kufikia makumi ya gigabaiti. Akimaliza kuipakua, hawezi kumwazima ndugu yake, hawezi kuiuza anapohitaji karo, na akifungiwa akaunti anapoteza zote alizonunua. Gemu ya diski ina mtumba wake, ila ya kupakuliwa haina.

Mfano ulioiamsha dunia ni wa gemu ya mbio za magari iitwayo The Crew, iliyotolewa na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa mwaka wa 2014. Haikuweza kuchezwa bila kuunganishwa na seva za kampuni. Mnamo Machi 31, 2024, seva hizo zilizimwa. Kuanzia siku hiyo, hata aliyekuwa na diski halali kabatini mwake alibaki na kipande cha plastiki. Kampuni ilishikilia kwamba wanunuzi hawakuwa wameuziwa gemu, bali walikuwa wamepewa leseni.

Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama ni leseni, mbona kitufe cha kulipia kiliandikwa 'nunua'?

Swali hilo ndilo lililowasukuma wabunge wa jimbo la California kupitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia maneno kama 'nunua' bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Barani Ulaya, ombi la wananchi linalotaka kampuni zisiziue gemu zilizokwisha kuuzwa lilipita saini milioni moja mnamo Julai 2025. Mahakama ya Haki ya Ulaya nayo ilikuwa imesema tangu Januari 2014, katika kesi kati ya Nintendo na kampuni ya PC Box, kwamba kinga ya kiufundi sharti ilingane na lengo lake na isizuie matumizi halali kupita kiasi.

Wanunuzi wenyewe pia wana nguvu. Mwaka wa 2013, Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake ya Xbox One ingehitaji kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba uuzaji wa gemu za mitumba ungewekewa masharti. Wateja walipiga kelele, na katika muda wa majuma machache kampuni ikarudi nyuma.

Je, Kenya imesimama wapi? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa au huduma, na haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ilitungwa ili kuipa haki hiyo meno. Masharti ya kurasa 40 yaliyoandikwa kwa lugha ya mawakili, ambayo mteja huyakubali kwa kubonyeza mara moja, hayawezi kuitwa habari.

Wapo watakaosema kwamba kampuni hizi ziko mbali na mkono wa sheria yetu. Hoja hiyo haina mashiko. Serikali ilipotaka kodi, iliwafikia wafanyabiashara wa kidijitali wa ng'ambo: ilianza kutoza kodi ya asilimia 1.5 ya mapato yao nchini Januari 2021, na kodi hiyo ilipofutwa Desemba 2024, ikaweka nyingine mahali pake. Mkono uliofika kuchukua kodi hauwezi kuwa mfupi unapotakiwa kumlinda aliyelipa.

Wala si mara ya kwanza kwa Mkenya kuuliza haki zake zinaishia wapi baada ya kununua. Wakulima walikwenda kortini kupinga sheria iliyowaadhibu kwa kuhifadhi na kubadilishana mbegu, na mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo. Mbegu si gemu, lakini swali lililo nyuma yake ni lile lile: haki ya aliyebuni inakoma wapi, na ya mwenye shamba inaanzia wapi?

Mambo matatu yanastahili kufanywa. Kwanza, muuzaji yeyote anayepokea pesa za Mkenya alazimishwe kusema, kwa maneno machache na kabla ya malipo, iwapo anauza au anakodisha, na kwa muda gani. Pili, sheria ya hakimiliki irekebishwe ili anayefungua kufuli kwa ajili ya nakala yake ya akiba, au kwa sababu kampuni imeitelekeza gemu yake, asiwekwe kapu moja na haramia anayeuza nakala 1,000. Tatu, kampuni inayozima seva iache njia ya gemu kuendelea kuchezwa, au irudishe pesa za wateja.

Hakuna lolote kati ya hayo linalomnyima mbunifu jasho lake. Kinyume chake, mnunuzi anayeheshimiwa ana sababu ya kununua halali. Anayelipa bei kamili kisha akanyang'anywa hufunzwa, kwa gharama yake mwenyewe, kwamba haramia alikuwa mwerevu kumliko.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa gemu, nyimbo na vitabu vya leo, daftari lipo, ila anayelishika ni muuzaji peke yake. Kijana wa Nyeri anayeweka akiba miezi kadhaa ili anunue gemu moja anastahili kulisoma daftari hilo kabla ya kutoa pesa zake.