Kadi ya CHF inakaribia kuisha? Fanya haya kwanza

Mwaka wa kadi ya CHF ukikaribia kuisha, wazazi wengi hupiga hesabu moja: "Tumelipa mchango, mwaka mzima hakuna aliyelazwa, hela imekwenda bure." Wapo wanaokimbilia zahanati wiki ya mwisho kuomba dawa za kuweka ndani. Wapo wanaoapa kutolipa tena. Wote wawili wanajipunja.

Tuanze na kadi yenyewe. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, inahudumia kaya ya watu wasiozidi sita kwa mchango wa mwaka, ambao ulikuwa Sh30,000 katika mikoa mingi, Mara ukiwamo. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, na ukipewa rufaa unafika hospitali ya wilaya hadi ya mkoa.

Ndani ya kadi hiyo hakuna salio. Marekani wapo wafanyakazi wanaokatwa mshahara na kuwekewa fedha za matibabu kwenye akaunti maalumu. Desemba ikikaribia, wengine hukimbilia kununua miwani ili fedha zisipotee. CHF haiko hivyo. Ni mchango wa pamoja: mwaka huu hukuugua, hela yako imesaidia kumtibu mtoto wa Kibara au Kiabakari. Mwakani huenda ikawa zamu ya wako.

Ila yapo mambo ambayo familia huyaahirisha mwaka mzima. Hayo ndiyo ya kupeleka kituoni kabla tarehe haijafika.

Mtoto wa shule. Kwa sera ya afya, watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito wamesamehewa malipo kwenye vituo vya serikali. Kwa hiyo kadi inamfaa zaidi aliyevuka umri huo. Kama kuna aliyetimiza miaka mitano mwaka huu, hakikisha naye ameandikishwa.

Tumbo lisiloisha. Kwa familia za kando ya ziwa, kuanzia Majita hadi Kisorya, mtoto anayelalamika tumbo mara kwa mara au kutoa choo chenye damu apimwe kichocho. Dawa za shuleni hutolewa kwa siku maalumu. Aliyekosa siku hiyo anaweza kuendelea kuumwa kimyakimya.

Macho na masikio. Anayesogelea ubao ili asome, au anayetokwa na usaha sikioni, asisubiri mtihani umalizike.

Baba na mama. Presha inaweza kupanda bila kuuma popote. Kama una kiu isiyoisha na unakwenda haja ndogo kila mara, omba upimwe na sukari. Mzazi akianguka, nyumba nzima inayumba.

Nenda mwezi mmoja kabla, usingoje wiki ya mwisho. Daktari akiona unahitaji rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Bunda au Butiama, au ya mkoa pale Musoma, utahitaji siku za kwenda na kurudi kadi ikiwa bado hai. Kabla ya kupokea huduma, muulize mhudumu kadi inalipia nini, ili usishtukizwe dirishani.

Dawa za kuweka akiba usiziombe. Antibayotiki iliyobaki kabatini mara nyingi huishia kupewa mtoto mwingine, nusu dozi, kwa ugonjwa usiojulikana. Hapo vijidudu hujenga usugu. Na dawa uliyoichukua bila kuumwa, kesho atakayeikosa ni mgonjwa wa kweli.

Mwisho, lipia mwaka mpya kabla wa zamani haujakatika. Malaria haisubiri kadi ihuishwe. Mkulima wa pamba hela huiona msimu wa mauzo, mvuvi wa dagaa huiona wakati wa giza, na tarehe ya kadi haiangalii pamba wala mwezi. Ukitenga kidogo kila mwezi, mwaka ukiisha mchango umetimia bila kuuza kuku.

Leo jioni itoe kadi ilipo, soma tarehe ya mwisho na iandike kwenye simu yako. Kisha muulize kila mmoja nyumbani: "Nini kinakusumbua ambacho hujakisema?" Utashangaa majibu.